Kabla hujanunua kitabu cha ufundi cha pikapu yako ya zamani, fungua boneti kwanza

Hapa Dodoma pikapu ya zamani ni gari la kazi, asikwambie mtu. Zabibu za Hombolo na Mpunguzi zinaingia mjini juu ya Hilux, mahindi yanakwenda Kibaigwa juu ya Hilux, mbuzi wa mnadani, madumu ya maji, tofali, mgonjwa wa kijijini usiku wa manane, vyote hivyo ni Hilux na ndugu zake akina Nissan, Isuzu na L200. Gari za miaka ya 1990 mwanzoni bado zinapiga mzigo kila siku na zinaweza kupiga miaka mingine mingi tu, ila zinakufa mapema kwa sababu moja ambayo inaniuma sana nikiiona, nayo ni kwamba tunazifungua na kuzifunga kwa kuhisi. Fundi ana mkono mzuri, ana uzoefu, ila hana namba. Na namba ziko kwenye kitabu.

Sasa watu wengi wakishaelewa hilo wanakimbilia kununua kitabu chochote chenye picha ya Hilux kwenye jalada, halafu wanakuja kugundua kitabu hakiendani na gari lao, kinawekwa kabatini, na fundi anaendelea kuhisi. Kwa hiyo naandika hapa namna ya kuchagua, kwa mtu mwenye gari lake anayetaka lidumu, hata kama yeye mwenyewe hashiki spana.

Nianze na kilichonifanya mimi nitafute kitabu. Nilipakia karanga naelekea Iringa, na wiki mbili kabla ya hapo silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imefunguliwa na kufungwa upya. Mpaka Mtera gari iko safi, nikavuka bwawa, nikaanza kuupanda mlima Nyang'oro na mzigo, mshale wa temperecha ukaanza kupanda taratibu, nikasimama, kufungua boneti nakuta maji kwenye rezeva yanatoa mapovu mfululizo kama sufuria ya ugali inayochemka. Yaani gesi ya kwenye silinda inapita inaingia kwenye maji, gasketi, ile inayobanwa katikati ya hedi na bloku (mwili wa injini), imeshakata. Nikalala pale barabarani na mzigo wa mtu. Tulipokuja kuifungua hedi, bolti nyingine zinaachia kirahisi mno na nyingine zinagoma mpaka uongeze bomba kwenye spana, maana yake zilifungwa kwa nguvu tofauti tofauti, kila moja kwa namna mkono ulivyojisikia.

Baadaye nikasoma kitabu chenyewe kinasemaje kwa injini za dizeli za Toyota zinazoitwa 2L na 3L. Unafunga bolti kwa mpangilio maalumu kuanzia katikati kwenda pembeni, unazunguka zote mara kadhaa mpaka zifike 78 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu unachukua rangi unaweka alama kwenye kichwa cha kila bolti upande wa mbele wa injini, unazungusha kila bolti robo mzunguko, yaani nyuzi 90, kwa mpangilio uleule, halafu tena nyuzi 90 nyingine. Ukimaliza, alama zote za rangi zinatakiwa ziwe zinatazama nyuma. Kama kuna alama moja inatazama pembeni unajua hapohapo kwamba hiyo bolti haijamaliza. Ni kitu rahisi hivyo, kidebe kidogo cha rangi na macho, na kama kingefanyika mimi nisingelala Nyang'oro.

Na kuna gasketi yenyewe. Injini hizi za L gasketi yake ya hedi ina unene wa aina tatu, zenye herufi B, D na F, na unachagua kwa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Wengi wetu tunaenda dukani tunasema "nipe gasketi ya 3L" na tunapewa yoyote iliyopo. Kama huna kifaa cha kupimia, angalau ukivua ile ya zamani soma herufi yake kabla hujaitupa. Hii nayo nimeikuta kitabuni, hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujauliza bei, kabla hujaingia mtandaoni, nenda kwenye gari lako na kalamu na daftari. Fungua boneti, tafuta kile kibati cha chuma kilichogongelewa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, kipanguse vumbi kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, andika kila kilichoandikwa. Kwa Hilux za kizazi cha 1988 mpaka 1997 utakuta kitu kama LN106R na herufi nyingine nyingi zinafuata. Hiyo LN106 ndo jina halisi la gari lako, "Hilux" ni jina la ukoo tu. L ya mwanzo inakwambia injini iliyotoka nayo kiwandani ni ya familia ya L, dizeli. Ingekuwa RN ni familia ya R, petroli kama 22R, YN ni familia ya Y kama 4Y, nayo petroli, KZN ni 1KZ dizeli ya tabo (turbo). N ni Hilux, 106 ni umbo na mfumo wake, na ile R inayofuata baada ya namba ni usukani wa kulia, ukikuta L hapo ni usukani wa kushoto. Land Cruiser pikapu vilevile, HZJ75 au HZJ79, HZ ni injini ya 1HZ na J ni Land Cruiser.

Angalia na chesisi namba. Kama inasomeka LN106, kistari, halafu tarakimu, mara nyingi gari hilo lilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe, na vitabu vyake vya kiwandani vimeandikwa Kijapani. Kama ina tarakimu na herufi 17 na inaanza na JT, ni Toyota iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya nchi za nje. Ikianza na AHT, hiyo imetoka Afrika Kusini, kiwanda chao kiko Durban. Hii sio elimu ya kujionesha, kila moja ya hizo inaweza kuwa na tofauti kwenye waya, pampu, breki, na kitabu cha soko moja kinaweza kukupoteza kwenye gari la soko jingine.

Halafu usiishie kwenye kibati, tafuta namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku. Hapa ndo watu wengi tunaumia kwa sababu gari zetu zimeshabadilishwa injini mara ngapi hatujui. Gari langu kibati kinasema LN106, kadi ya gari inasema cc 2779, ambayo ni 3L, mimi nikaagiza ringi za pistoni za 3L kutoka Dar, zikaletwa na basi, nikazifuata stendi ya Nanenane, fundi akaweka moja kwenye silinda akanitazama. Haiingii. Pistoni ya 3L ina kipenyo cha milimita 96, ya 2L ni 92, na bloku iliyokuwa mbele yetu, tulipoikwangua matope pembeni, imeandikwa 2L. Mwenye gari wa zamani aliweka injini nyingine na hakusema. Siku tatu gari juu ya mawe na hela ya ringi imelala. Tangu hapo naamini bloku tu. Na kama injini yako haifanani na kadi, nenda TRA ukairekebishe, usisubiri usimamishwe barabarani.

Hapohapo niseme kitu kinachochanganya sana, 2L sio lita mbili na 3L sio lita tatu. Hayo ni majina ya injini. 2L ina cc 2446, 3L ina cc 2779, na 5L ndo inakaribia lita tatu, cc 2986. Nimeona mtu ananunua kitabu cha "injini ya lita 3" akiamini ni cha 3L yake, kumbe alichopata kinazungumzia 1KZ ya tabo ambayo ina cc 2982, injini nyingine kabisa.

Wenye gari nyingine kanuni ni ileile. Nissan ya D21 yenye TD27, cc 2663, haina taiming belti, ule mkanda unaoendesha valvu kwa wakati wake, inatumia gia, kwa hiyo kitabu kikikuonesha belti ya taiming ujue sio chako. Mitsubishi L200 yenye 4D56 ina belti mbili, moja ya taiming na nyingine ndogo ya shafti za kutuliza mtetemo, na fundi asiyejua anaweza kubadili moja akaacha ile ndogo, ikakatika ikaingia kwenye kubwa ikamaliza injini. Isuzu 4JA1 na 4JB1 kwa macho zinafanana kama mapacha, moja cc 2499 nyingine cc 2771. Na kwa Land Cruiser ya 1HZ angalia kama gari lako ni la volti 12 au 24, zipo zote mbili, na michoro ya umeme ni tofauti.

Ukishakuwa na hizo namba kwenye daftari, sasa ndo uanze kutafuta.

Mtego mkubwa kuliko yote ni vitabu vya Marekani. Ndo vimejaa mtandaoni, vinaonekana vizuri, bei chee, picha ya mbele ni Hilux kabisa. Lakini Marekani gari hii kwa miaka mingi waliiita Pickup tu, na kuanzia 1995 wakaleta Tacoma. Dizeli kule waliuza muda mfupi tu miaka ya 1980, kwa hiyo vitabu vyao karibu vyote ni vya petroli, 22R na V6. Usukani uko kushoto. Na kuanzia mwaka 1986 pikapu zao za 4WD mbele ziliwekewa sispensheni ambayo kila tairi linajitegemea, wakati LN106 tunayoendesha huku ina ekseli moja zima kutoka tairi hadi tairi na springi za bapa. Lala chini ya gari lako uangalie, ukiona ekseli zima imepita, ukurasa unaoeleza kontro amu na toshen ba za sispensheni hiyo hauna kazi kwako. Kwa hiyo kwenye kitabu cha aina hiyo unakuta injini sio yako, umeme sio wako, usukani sio wako, mbele sio kwako, kilichobaki labda breki za nyuma na namna ya kubadili tairi.

Mimi naangalia vitabu vya Australia na Afrika Kusini kwanza. Wale wanaendesha kushoto mwa barabara kama sisi, usukani kulia, dizeli wanazijua, vumbi wanalijua, na LN106 waliitumia mashambani kama tunavyoitumia sisi.

Kuhusu aina za vitabu, kuna kile kidogo kinachokaa kwenye dashibodi, cha mwenye gari, kinachosema mafuta ya injini lita ngapi, upepo wa tairi kiasi gani, fyuzi ipi ni ya nini. Hicho ni kizuri, kitunze, lakini sio cha ufundi. Halafu kuna vya makampuni ya vitabu, maarufu zaidi ni Haynes ya Uingereza ambao kitabu chao cha kwanza cha aina hii kilitoka 1966, na sifa yao ni kwamba wanalifungua gari lenyewe na kulifunga huku wanapiga picha hatua kwa hatua, na kila kazi wanaiwekea alama za spana, moja mpaka tano, kuonesha ugumu wake. Kwa mtu anayejifunza hivi ni vizuri sana kwa sababu vinaeleza kama mwalimu. Udhaifu wake ni kwamba kimoja kinabeba miaka mingi na injini nyingi kwa pamoja kwa hiyo baadhi ya mambo wanayapita juujuu, na gia boksi mara nyingi wanakuambia tu peleka kwa mtaalamu.

Halafu kuna vya kiwandani. Hivi ndo vyenyewe. Toyota kwenye jalada wanaandika Repair Manual na namba inayoanza na RM na kuishia na E kwa vile vya Kiingereza. Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba kwa gari moja vitabu ni zaidi ya kimoja, kuna cha injini peke yake, kuna cha chesisi na bodi, na kuna cha michoro ya umeme. Mtu ananunua cha chesisi anafungua anatafuta silinda hedi hakuna, analalamika ameibiwa, hajaibiwa, kachukua kitabu kisicho chake. Na kuna vile wanaita nyongeza, vinatolewa gari likibadilishwa kidogo, vina kurasa chache, na kila mahali kinakwambia "kwa mengine rudi kitabu cha mwanzo". Ukiuziwa nyongeza peke yake umenunua nusu ya maneno.

Kama hela yako inatosha kimoja tu, mimi nakushauri chukua cha injini cha kiwandani. Chesisi ya gari hizi fundi wetu anaiweza hata gizani, bushi, shokapu, bering za tairi, hizo mkono unatosha kwa sehemu kubwa. Injini ndo inayokufa kwa milimita.

Sasa unajuaje kitabu kilicho mbele yako ni chenyewe, uwe umekishika mkononi au ni PDF mtu anakuuzia? Usisome utangulizi. Nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa kupima nafasi ya valvu wa injini yako. Kwa 2L na 3L za kizazi hiki ikiwa ya baridi utakuta valvu za kuingiza 0.20 mpaka 0.30 mm na za kutoa 0.40 mpaka 0.50 mm, na wataeleza namna ya kubadili vile visahani vidogo vya kurekebishia pamoja na jedwali lake kubwa la kuchagulia unene. Kama jedwali halipo, kitabu kimepunguzwa. Kisha tafuta taiming belti. Injini hizi ni za belti, inabadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika pistoni zinakutana na valvu, hakuna msamaha. Kitabu kizuri kitakuonesha alama za kuoanisha puli ya juu, puli ya pampu ya dizeli na ya chini, kwa mchoro mkubwa unaosomeka, na kitakueleza namna ya kuizima ile taa ya belti kwenye dashibodi baada ya kubadili. (Na kwa gari la mtumba usiamini kilomita za kwenye dashibodi, ukinunua tu badili belti, anza kuhesabu upya wewe mwenyewe.) Halafu angalia ukurasa wa bolti za hedi, na mwisho angalia kama kuna ratiba ya matunzo ya mazingira magumu. Barabara ya vumbi kwa watengenezaji ni mazingira magumu, na ukitoka lami hapa kwetu kuelekea Chemba au ndani ya Mpwapwa kuanzia Juni mpaka Novemba, ni vumbi mwanzo mwisho, kwa hiyo ile ratiba ya kawaida haituhusu hata kidogo, ya kwetu ni ile nyingine inayotaka filta ya hewa na oili mapema zaidi.

Vitu vinne hivyo vikiwepo, nunua. Kimoja kikikosekana uliza kwanza.

Kwa PDF kuna mambo yake. Kurasa za vitabu vya Toyota hazihesabiwi moja mpaka mwisho, kila sura inaanza upya na herufi zake, EM ni injini yenyewe, CO ni mfumo wa maji, LU ni oili, FU ni mafuta, BR ni breki, BE ni umeme wa bodi. Kwa hiyo unakuta EM-1, EM-2 na kuendelea. Ukitaka kujua kama kuna kurasa zimeruka, pitia kila sura uhakikishe namba zinafuatana, maana waliozipiga kopi mara nyingi wameruka kurasa mbili tatu, na zile zilizoruka ndo utazihitaji injini ikiwa chini. Vuta karibu ukurasa wowote wenye namba ndogo, kama huwezi kutofautisha 3 na 8 achana nalo hilo faili, namba iliyosomwa vibaya ni mbaya kuliko kukosa namba. Na faili la kitabu linaishia na pdf, ukishusha kitu kinachoishia na exe kwa jina la kitabu, kifute usikifungue, hicho kinaweza kuwa kirusi.

Usichapishe kitabu kizima, ni kurasa mamia na hela nyingi. Mimi nilipeleka steshenari sura ya injini, maji na mafuta tu, nikaweka baindi ya spairo ili kilale wazi juu ya fenda bila kujifunga, na kurasa za namba nikazitia laminesheni kwa sababu mikono ya gereji ina oili. Michoro ya umeme ichapishe kwenye A3. Ukiibana kwenye A4 zile herufi za rangi za waya zinakuwa chungu mchanga, huoni kitu.

Nikae kidogo kwenye hizo herufi maana zimewahi kuniokoa. Kwenye michoro ya Toyota B ni nyeusi, W nyeupe, R nyekundu, G kijani, Y njano, BR kahawia, na bluu ni L. Ndio, L, kwa sababu B imeshachukuliwa na nyeusi. Ukiona herufi mbili zenye kistari, ya kwanza ni rangi ya waya na ya pili ni mstari uliopita juu yake. Kwa hiyo W-B ni waya mweupe wenye mstari mweusi, na kwenye Toyota huo ndo waya wa athi. Taa za nyuma zikififia, indiketa zikiwaka kwa pamoja na breki, kabla hujanunua chochote fuata ule waya mweupe wenye mstari mweusi mpaka ulipofungwa kwenye bodi, fungua ile nati, kwangua kutu, funga tena. Kwenye gari langu nyuma ya taa ya kushoto ile nati ilikuwa imeota kutu ya kijani mpaka haionekani kama ni nati. Nilikuwa nimeshaambiwa ninunue swichi mpya ya taa.

Suala la vipimo nalo litazame kabla hujafunga bolti hata moja. Kitabu cha kiwandani kinaandika kipimo kilekile mara tatu, kwa mfano bolti ya hedi ni 800 kgf·cm, 58 ft·lbf, 78 N·m. Hizo namba tatu ni nguvu ileile. Ukisoma 58 halafu toki renchi yako, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, imewekwa kwenye Nm, umefunga pungufu kwa robo nzima, na gasketi itakudai siku ukipanda mlima. Mimi nimechukua peni nyekundu nimekata namba mbili zote nimebakiza Nm peke yake kwenye kurasa zangu zote, kwa sababu toki renchi ninayoazima inasoma Nm. Kama ya kwako inasoma ft-lb, bakiza hiyo, ila bakiza moja.

Utakutana pia na vifaa vyenye namba zinazoanza na 09, hivyo ni vifaa maalumu vya Toyota vya kuvutia na kushikilia. Usikate tamaa ukidhani huwezi kazi bila hivyo. Angalia mchoro kifaa kinashika wapi na kinavuta upande gani, mpelekee mchomeleaji mwenye akili pale Kizota, atakutengenezea kitu kinachofanya kazi ileile kwa bati na bolti mbili.

Jambo la mwisho ni fundi. Kitabu hakitakusaidia kama fundi atakiona ni cha kumpima. Mzee anayenitengenezea gari amefunga injini tangu mimi sijazaliwa, siwezi kumfuata na makaratasi ya Kiingereza nikaanza kumfundisha. Nilichofanya, nilikaa usiku nikatafsiri kurasa nilizohitaji kwa Kiswahili cha gereji, mkono wangu mwenyewe, nati gani, namba gani, mpangilio upi, karatasi moja mbele na nyuma. Asubuhi nikamkuta anakunywa chai.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba kijana. Umekuja na hedi yako?"

"Nimekuja nayo. Ila fundi naomba unisaidie kitu, hii karatasi inasema tupake rangi kwenye bolti halafu tuzungushe robo mara mbili, mimi sijaielewa vizuri, wewe unaionaje?"

Akaichukua, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma taratibu mpaka chini, akageuza nyuma akasoma na huko. Hakusema kitu. Akamtuma yule dogo wake akalete rangi nyeupe ya kuandikia namba za gari. Tulifunga hedi ile saa mbili nzima, yeye anazungusha mimi nasoma, bolti ya saba alama ikawa haijafika nyuma akairudia mwenyewe bila kuambiwa. Gari imeshapanda Nyang'oro na mzigo mara nyingi tangu siku hiyo, mshale uko pale pale katikati.

Wiki iliyofuata akanipigia simu, ana Hilux ya mteja yenye 5L juu ya stendi, anauliza kama ile karatasi ninayo ya 5L.

"Fundi, nisomee kwanza namba iliyogongwa kwenye bloku," nikamwambia, na nikamsikia anamwita yule dogo alete kitambaa na dizeli.